Ng'ombe Analala Wapi?

Neema, binti aliyerithi meza yangu, alinipigia simu wiki iliyopita. Ilianza shikamoo, zikafuata habari za kustaafu (nzuri, ila kuku wa jirani wamehamia kwangu), kisha likaja swali. Wanausafisha mfumo wa vibali vya kusafirisha mifugo, na wamegundua kwamba kabla ya kuuliza jina la mwenye ng'ombe, mfumo unauliza ng'ombe huyo analala wapi.

"Mama Salum, hili swali ni la nini? Anwani ya mwenye mali tunayo tayari. Tukilifuta tunapunguza hatua nzima."

Nikamwambia asifute kitu mpaka nimwandikie. Akacheka, akidhani namtania. Basi ndio naandika, na kwa kuwa sina tena mkutano wa kuwahi, nitaanzia mbali.

Niliajiriwa kama karani wa kuingiza takwimu katika shirika moja la umma la nafaka, hapa hapa mjini Dodoma. Siku ya kwanza sikuruhusiwa kugusa hata kitufe kimoja. Nilipewa ndoo na kitambaa, nikaambiwa vumbi la Dodoma na kompyuta ni maadui wa siku nyingi, na kazi yangu ni kusimama katikati yao. Chumba cha kompyuta ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi, kwa hiyo mwezi wa Oktoba joto likipanda, wakubwa wote walikuwa na jambo la haraka la kuja kukagua humo. Sijaona tena viongozi wakiipenda teknolojia namna ile.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Kessy, mwandishi wa programu kutoka Rombo, mtu mrefu, karanga hazikauki mfukoni mwake. Neno lake lilikuwa "Halafu?" Ukimweleza kwamba gunia linafika ghalani, linapimwa, stakabadhi inaandikwa, yeye anatafuna na kuuliza, "Halafu?" Ukisema basi, yameisha, anakuuliza, "Na mvua ikinyesha kabla halijapimwa?" Nilimchukia kwa muda. Kisha nikajikuta nauliza maswali yale yale mimi mwenyewe, kila mahali, mpaka marehemu mume wangu akaniomba niyaache ofisini.

Zikaja zama za soko huria. Shirika letu likauzwa kidogo kidogo: malori, maghala, mwisho jengo lenyewe. Sisi wafanyakazi tulipunguzwa, neno zuri sana la kumwambia mtu aende nyumbani. Wengi walifungua vioski. Bwana Kessy alinunua kompyuta mbili katika mnada wa mali za shirika, zile zile nilizozifuta vumbi, akanifuata nyumbani na kusema, "Zuhura, tufungue kampuni. Wewe mjini unajuana na watu."

Nilijuana nao kweli. Ukoo wetu uko mji huu tangu siku za misafara, na sehemu kubwa ya Barabara ya Sita ni ama shemeji ama mkwe. Tulipata chumba juu ya duka la vitambaa la baba yangu mdogo, Mzee Abdallah. Huyu, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwa na kitu duniani zaidi ya duka lile na ugonjwa wa presha. Akilini mwangu nilimwonea huruma. Msomaji aikumbuke huruma hiyo.

Miaka ya mwanzo tulikula kwa kazi ndogo ndogo. Wakati huo ofisi nyingi zilikuwa zinapata kompyuta, kila moja kutoka kwa mfadhili wake na kila moja ikiwa na programu yake. Mashine ya ofisi hii haikuweza hata kuisalimia ya ofisi jirani. Ndipo tukapewa kazi ya vibali vya mifugo. Mtu akitaka kusafirisha ng'ombe ilimpasa apite ofisi ya mifugo, kisha halmashauri, na kizuizini barabarani askari asome tena karatasi zote. Tuliombwa tuziunganishe mashine za ofisi hizo ili mtu asizunguke.

Mimi nilitaka tuanze kuandika programu asubuhi ile ile. Bwana Kessy akanikataza. "Kwanza uifuate karatasi kwa miguu," akasema. Basi nikaifuata. Nilikaa kwenye mabenchi ya waombaji, nikanywa chai na matarishi, nikajifunza kwamba karatasi haiendi kwa utaratibu ulioandikwa ukutani. Kipindi cha masika, barabara zikikatika, kituo cha kwanza huwa halmashauri. Ukizuka ugonjwa, kila kitu huanzia kwa bwana mifugo. Niliyaona haya kama fujo. Yeye aliyaona kama habari njema.

"Hii siyo fujo," aliniambia. "Hii ni kazi inayojua kujipinda. Tukiifunga ndani ya programu, itavunjika."

Vijana, hapa ndipo penye kazi yenyewe, nanyi mnaifanya kila siku bila kujua ilitoka wapi. Kila ofisi ilibaki na programu yake. Sisi tuliipa kila programu dirisha moja tu la kujibia maswali kupitia mtandao. Vitabuni madirisha hayo yaliitwa huduma za wavuti. Mashine ya mifugo ikiulizwa, "Kijiji hiki kina karantini?" inajibu ndiyo au hapana, basi. Ya halmashauri inajibu kama mwombaji anatambulika. Ya kizuizini inapokea kibali na kukichapa. Katikati tukaweka programu ndogo ambayo haikujua chochote kuhusu ng'ombe. Ilijua tu nani aulizwe kwanza, nani afuate, na jibu likiwa hapana, iende wapi. Tuliiita Kiranja, maana kama kiranja wa darasa, haifanyi hesabu ya mtu yeyote ila inajua zamu ya kila mmoja.

Utaratibu wenyewe Kiranja aliusoma kutoka nje, kwenye faili ambalo mtu angeweza kulibadilisha bila kugusa programu nyingine yoyote. Nilibishana na Bwana Kessy sana juu ya faili hilo. Lilituongezea miezi ya kazi, nami nilitaka tumalize. Yeye alitafuna karanga zake tu.

Siku tuliyojaribu, modemu ilikoroma, ikanyamaza, kisha mashine tatu zilizokuwa hazijuani zikajibizana moja baada ya nyingine, na kibali kikachapwa huko kizuizini. Nilipiga kelele mpaka baba mdogo akapanda ngazi kuuliza moto uko wapi. Furaha ya siku ile sijaipata tena kazini, na simwonei haya mtu kuisema.

Mwaka uliofuata homa ya mapafu ya ng'ombe ikaingia vijiji kadhaa upande wa mashariki, mbele ya Ihumwa. Ofisi ya mifugo ikavifunga kwa karantini. Kiranja akawa anafanya kazi kama saa, nasi tukatembea mjini vifua mbele. Siku moja, Alhamisi asubuhi, askari wa kizuizi cha upande wa Bahi akapiga simu.

"Mama, mashine yenu imekataa ng'ombe wa harusi. Na wenyewe hawaondoki."

Tulikwenda kwa pikapu ya ofisi ya mifugo, mimi, Bwana Kessy na Bi Salome, daktari wa mifugo aliyekuwa msimamizi wa karantini. Alikuwa mama mkali kidogo, ambaye hakuwahi kutia sahihi kitu alichokuwa hajakisoma mara mbili. Kizuizini tukakuta ng'ombe wamelala pembeni mwa barabara, jua limewakolea. Kando yao walikaa wazee wawili na kijana mmoja aliyevaa suti mpya ambayo bila shaka ilikuwa ya Jumamosi, ila alikuwa ameanza kuivaa mapema kwa wasiwasi.

"Mbukwenyi," Bi Salome akawasalimia Kigogo. Wakaitikia, nasi tukakaa.

Mzee wa kwanza aliitwa Ndahani, baba wa bwana harusi. Nyumbani kwake ni kimojawapo cha vile vijiji vilivyofungwa. Wa pili, Sajilo, alikuwa mfugaji wa Bahi. Ng'ombe walikuwa wa mahari, wanapelekwa Mvumi kwa baba wa binti. Harusi ilikwisha kuahirishwa mara moja mwaka wa njaa. Safari hii baba wa binti alikuwa ametuma neno: ng'ombe wasipoonekana zizini kwake Ijumaa, wageni watarudi makwao na posa itarudishwa.

"Naye haahirishi maneno yake," akasema yule kijana, Elia, ndiye bwana harusi mwenyewe.

"Lakini Mzee, kijiji chako kina ugonjwa," Bi Salome akamwambia Ndahani.

"Changu kina ugonjwa. Hawa hawakijui. Wamezaliwa hapa Bahi, kwa huyu." Akamwonyesha Sajilo kwa kidevu.

"Ni ng'ombe wako ama wake?"

"Wangu."

"Na wako kwake tangu lini?"

"Tangu mama zao, huyu Elia hajaota meno."

Karani wa kizuizi, ambaye alitaka barabara yake itulie, akaleta ufumbuzi. Bahi hakuna karantini. Basi aandikwe Sajilo kuwa ndiye mwenye ng'ombe, Kiranja ataridhika, kila mtu aende zake. Nakiri wazo lile lilinipendeza. Elia alisimama kabisa, tayari kuswaga.

Aliyekataa ni Sajilo.

"Hapana. Jina langu msiliandike."

"Ni karatasi tu, Mzee," karani akasema.

"Karatasi inakaa kuliko mimi. Kesho nikifa, wanangu watasema serikali yenyewe iliandika ni wa baba. Watagawana ng'ombe wa rafiki yangu, nami nimelala kaburini nisiweze kuwachapa." Akamgeukia Ndahani. "Kama ni hivyo, bora harusi ife."

Ndahani alimwangalia mwanawe, akaangalia chini. Kisha akasema taratibu, "Amesema kweli." Elia akakaa tena, ndani ya suti yake, akalia waziwazi. Nilijisikia vibaya kuliko siku niliyopunguzwa kazi, maana hapa palikuwa na binti Mvumi, na kijana huyu, na urafiki wa miaka mingi, vyote vimesimamishwa na kitu tulichokipigia kelele za furaha.

Lakini nami ni mdadisi, na udadisi haujui msiba. Nikauliza, "Shikamoo Mzee, samahani. Kwa nini mtu aweke ng'ombe wake kwa mwingine?"

Ndahani akanijibu kwa upole unaopewa watu wa mjini. Ugonjwa ukipita kwako, unakuta bado unao kwingine. Mvua ikikosa huku, kule imenyesha. Mwenzako anakunywa maziwa na watoto wake wanashiba. Na watu hawajui una ngapi, kwa hiyo hawakusumbui. "Asiyemwekea mwenzake ng'ombe," akamalizia, "huyo ana majirani, hana rafiki."

Nikasikia Bwana Kessy anacheka peke yake, kicheko kisicho na raha. Karanga alikuwa amezishika tu mkononi.

"Mama yangu alilisha ng'ombe wa watu maisha yake yote," akasema. "Kule kwetu Rombo. Nimesomeshwa kwa maziwa ya ng'ombe ambaye hakuwa wetu. Halafu nimekaa miezi naandika kwamba ng'ombe anakaa anakokaa mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Zuhura, mambo ya nyumbani tunayavua mlangoni pamoja na viatu, kisha tunaingia ofisini."

Bi Salome hakucheka. Alikuwa akihesabu kitu kichwani, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Ngojeni," akasema. "Kama ng'ombe wa mtu wa kule wanaweza kulala hapa, basi wa mtu wa hapa wanaweza kulala kule. Ndani ya karantini. Na Kiranja wenu anawapa vibali, kwa sababu mwenyewe anakaa pasafi."

"Halafu?" nikajikuta nasema, kwa sauti ndogo.

"Halafu wanafika mnadani," akasema Bi Salome. "Halafu mkoa mzima."

Kurudi mjini pikapu ilikwenda kasi ambayo sitaisimulia kwa kuheshimu sheria za barabarani. Njiani Bi Salome alitoa mwongozo wake wa karantini, akausoma mara mbili kama kawaida, kisha akasema hatuvunji sheria yoyote. Mwongozo unazungumzia mifugo itokayo eneo la ugonjwa. Mwenye mifugo haujamtaja popote. Yeye tulimwongeza sisi.

Ofisini Bwana Kessy alilifungua lile faili nililolibishia. Tukaweka swali jipya mwanzoni kabisa: mnyama analala wapi? Jibu lake ndilo liende kwenye mashine ya mifugo. Jina la mwenye mali liende halmashauri, peke yake. Hatukugusa programu ya ofisi yoyote. Kazi ambayo kwa mtindo niliotaka mimi ingetula wiki nyingi ilikwisha chai yangu ikiwa bado ya moto. Bi Salome akatia sahihi. Kiranja akauliza: Bahi? Hakuna karantini. Ndahani? Anatambulika. Nikampigia askari simu.

"Imechapa, Mama!" akapayuka. Nyuma yake nikasikia kelele za kuswaga ng'ombe, na mtu anacheka na kulia kwa pamoja. Nadhani alikuwa Elia.

Tulipokuwa bado tunashangilia, maombi mengine ya siku ile yakaanza kulijibu swali jipya. Karani wa halmashauri alikuwa anawapigia waombaji mmoja mmoja. Moja likagonga ukuta: ng'ombe wanalala kijiji kilichofungwa, mbele ya Ihumwa, wanakwenda mnadani. Mwenye mali anakaa mjini, pasafi kabisa. Asubuhi angepewa kibali bila swali. Nikasoma jina. Abdallah. Barabara ya Sita. Mfanyabiashara wa vitambaa.

Sikuhitaji kumfuata. Ngazi zililia, naye akatokea mlangoni akihema.

"Zuhura! Nani amekwambia nina ng'ombe?"

"Umesema mwenyewe, Baba mdogo, umejibu simu."

"Mimi nimeulizwa wanalala wapi, nikajibu wanalala wapi! Sikujua ni mtego!" Akapunguza sauti. "Mama yako mdogo asisikie. Huyu anajua nina duka tu."

"Na presha."

"Na presha," akakubali.

Bi Salome alikwenda kuwapima kesho yake. Baadhi walikuwa tayari wanakohoa. Aliporudi kutuambia niliogopa kweli kweli. Baba mdogo alinuna mwezi mzima. Mwisho alikiri kwamba wale ng'ombe wangemharibia jina mnadani maisha yake yote, na kama fidia akatutoza kodi ile ile badala ya kuipandisha.

Jumamosi ya wiki ile ile tulikula pilau ya harusi Mvumi. Mzee Sajilo alikaa meza ya ukoo, siyo ya wageni.

Miaka imekwenda. Bwana Kessy alirudi Rombo, na huko Mungu akamchukua. Mashine ya mifugo imebadilishwa, ya halmashauri pia, kizuizini sasa wanatumia simu. Kila dirisha limeng'olewa na kuwekwa jipya, lakini Kiranja hakujua, kwa sababu yeye anauliza na kujibiwa tu. Ndiyo maana lile swali bado lipo mwanzoni, Neema, na wewe umelikuta peke yake bila mtu wa kukueleza.

Liache. Na siku ng'ombe wakianza kulala mahali ambapo mimi na Kessy hatukupafikiria, lifungue faili ulibadilishe bila kuniogopa. Liliwekwa nje ili mtu kama wewe alifikie.

Nakuongezea moja tu. Mwaka wangu wa mwisho kazini, Mzee Sajilo alifariki. Nilikwenda msibani Bahi nikiwa na simu yangu mkononi, kumbukumbu zote za ng'ombe wa Ndahani waliobaki kwa marehemu ziko humo, tayari kumtetea ikibidi. Haikubidi. Baada ya matanga, Yona, mwana mkubwa wa marehemu, alisimama mbele ya ukoo, akafungua zizi mwenyewe, akawatoa ng'ombe wa Ndahani mmoja baada ya mwingine, akiwataja kwa rangi na kwa mama zao. Wadogo zake walisimama kando, hakuna aliyenung'unika. Hakuna aliyeniuliza kilichoandikwa kwenye simu.

Walipokwisha kutoka wote, Yona akamgeukia Ndahani, akasema, "Baba, hawa ndio wako. Tuwaswage mpaka kwako?"

Mzee Ndahani, sasa macho yamepungua nuru, alipapasa mgongo wa ng'ombe aliyekuwa karibu naye.

"Warudishe zizini, mwanangu," akasema. "Wanalala hapa."